Mtakatifu Joséphine Bakhita: Aliitika Mbele ya Kufahamu



Katika kijitabu hiki cha ukumbusho mtasoma habari za mapadri, za makatekista na za wajenzi wa kanisa letu. Katikati ya habari hizo tumependa kuweka maisha ya mwanamke ambaye hakukanyaga kamwe inchi yetu. Alizaliwa Sudan, akafa Italia, na kazi zake zilikuwa kupika, kushona na kufungua mlango. Pengine mtu atatuuliza: mwanamke huyo anahusika nini na jubile yetu?

Tunajibu hivi. Wazee wa parokia za kwetu wanapoulizwa kwa nini walikubali kuvaa medali na kuanza mafundisho, wachache sana wanasema kwamba walikuwa wamekwisha kuifahamu dini. Wengi wanasema tu kwamba walivutwa, wakaenda, na ufahamu ukaja nyuma. Vijana wetu waliosoma shule wakisikia jibu hilo wanatikisa kichwa. Wanaona kwamba mtu hapaswi kujifunga kwa jambo ambalo hajalichungua mpaka mwisho. Basi wengine wanabaki mlangoni mwaka kwa mwaka, hawaingii wala hawaondoki. Kwa ajili ya wazee hao na kwa ajili ya vijana hao tunaandika maisha ya Mtakatifu Bakhita.

1. Mtoto wa Olgossa

Bakhita alizaliwa karibu mwaka 1869 katika kijiji cha Olgossa, inchi ya Darfur, upande wa magharibi wa Sudan. Watu wake walikuwa Wadaju. Baba yake alikuwa mtu wa heshima, ndugu ya mkubwa wa kijiji, naye alikuwa na mashamba na mifugo. Mtoto aliishi pasipo shida, kati ya ndugu wengi waliopendana. Huzuni ya kwanza iliingia nyumbani mwao wakati wakamata-watumwa walipomnyakua dada yake mkubwa. Hakuonekana tena.

Hakuna mtu aliyemfundisha katekisimu. Hakusikia jina la Yezu Kristu, hakuona kanisa wala msalaba. Lakini mwenyewe alisimulia katika uzee wake kwamba, alipotazama jua, mwezi na nyota, alijiuliza ni nani aliye mwenyeji wa vitu hivyo vizuri, akasikia hamu kubwa ya kumwona, kumjua na kumpa heshima. Tuweke neno hilo moyoni, maana litarudi. Alikuwa hajui lolote juu ya huyo mwenyeji, na hata hivyo tayari alitaka kumsalimia.

2. Njia ya watumwa

Alipokuwa na umri wa miaka saba au minane hivi, alitoka siku moja na rafiki yake kutembea mashambani, si mbali na nyumba. Watu wawili wenye silaha wakatokea. Mmoja akamwomba Bakhita aingie porini kumletea mzigo aliousahau. Mtoto alizoea kutii wakubwa; akaenda. Huko wakamkamata, wakamwonyesha kisu, wakamkataza kulia.

Hapa tunawaomba wasomaji wasipite upesi. Huyu ambaye maisha yake yanatufundisha kuamini, aliumizwa kwanza kwa sababu aliamini. Alifuata sauti ya mtu bila kumjua, na sauti hiyo ilikuwa ya uongo. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba Bakhita alikuwa mjinga wa kuvutwa na kila anayeita. Kisha siku ile alijua, kuliko wengi wetu, jinsi sauti inavyoweza kudanganya.

Hofu ilikuwa kubwa hata akasahau jina alilopewa na wazazi wake. Mpaka kufa kwake hakulikumbuka. Wakamata-watumwa ndio waliomwita Bakhita, neno la Kiarabu lenye maana ya mwenye bahati. Alifungwa pamoja na mtoto mwingine. Wote wawili wakatoroka usiku, wakakimbia porini, wakaangukia mikononi mwa mtu mwingine aliyewafungia kati ya kondoo wake kisha akawauza. Alitembezwa kwa miguu safari ndefu mpaka mji wa El Obeid. Huko aliuzwa, akauzwa tena. Mtoto wa bwana wake mmoja alimpiga hata akalala mwezi mzima juu ya majani bila kuweza kusimama. Katika nyumba ya mkubwa wa jeshi la Waturuki, mwanamke alichora mwili wake kwa unga, akaukata kwa wembe kufuata michoro, akasugua vidonda kwa chumvi ili alama zisifutike. Makovu hayo, zaidi ya mia moja, Bakhita aliyachukua mpaka kaburini.

Sisi watu wa inchi hizi hatuwezi kusoma habari hiyo kama ya wageni. Njia za Nyangwe na Kasongo zilipitiwa na misafara ya namna ileile, na wengi walivushwa ziwa Tanganyika wakiwa wamefungwa shingoni. Misioni za kwanza za Mapadri Weupe kando ya ziwa hilo, kama Kibanga na Mpala, zilikusanya watoto waliokombolewa kwa watumwa. Hata lugha tunayoandika humu ilifika kwetu pamoja na misafara hiyo. Wengine waliiita Kingwana, yaani lugha ya wangwana, watu huru. Na wengi waliolazimishwa kuisikia walikuwa watu waliopoteza uhuru wao. Leo tunasali nayo. Mungu ana njia zake za kugeuza mambo, na maisha ya Bakhita ni moja ya njia hizo.

3. Msalaba mdogo wa feza

Mwaka 1883, mjini Khartoum, Bakhita alinunuliwa mara ya mwisho. Aliyemnunua alikuwa Callisto Legnani, mjumbe wa serikali ya Italia. Katika nyumba yake Bakhita hakupigwa. Alipewa nguo na kazi za kadiri. Mwisho wa mwaka 1884, wakati majeshi ya Mahdi yalipokaribia kuuteka mji, Legnani alijitayarisha kurudi kwao. Bakhita akamsihi sana amchukue. Hakujua Italia ni nini. Hakuweza kuieleza sababu, ila alisikia kwamba lazima aende.

Walifika Genova mwaka 1885. Legnani alikuwa amesafiri pamoja na rafiki yake Augusto Michieli; naye mke wa Michieli, Bibi Turina, alipomwona Bakhita alitaka abaki kwake. Basi Bakhita alipewa mtu mwingine mara moja tena, kama vile zawadi inavyotolewa. Aliishi Zianigo, karibu na Venezia. Mwaka 1886 mtoto msichana alizaliwa nyumbani humo, aliyeitwa kwa upendo Mimmina, na Bakhita akawa yaya wake. Alimpenda mtoto huyo kwa moyo wote, kama mtu ambaye hakubakiwa na jamaa mwingine duniani.

Mali za Michieli zilisimamiwa na mtu aliyeitwa Illuminato Checchini, baba wa jamaa na Mkristu kweli. Huyu alimpa Bakhita msalaba mdogo wa feza. Mbele ya kumpa aliubusu kwa heshima, kisha akamweleza kwa maneno machache kwamba Yezu Kristu, Mwana wa Mungu, alikufa kwa ajili yetu. Bakhita hakufahamu habari hiyo. Mwana wa Mungu ni nani? Alikufaje, na kwa nini? Katika dini hakuwa na msingi wowote wa kuweka fundisho hilo. Lakini nguvu asiyoijua ilimsukuma kuuficha msalaba ule, akiogopa bibi asimnyang'anye. Yeye ambaye hakuwa amemiliki kitu tangu utoto wake, sasa alikuwa na kitu cha kuficha. Alipokuwa peke yake aliutoa, akautazama kwa muda mrefu, akasikia moyoni jambo asilokuwa na jina la kuliita.

Mafundisho yake ya kwanza yalikuwa hayo tu: mtu aliyebusu msalaba mbele yake, maneno machache, na saa za kutazama kwa siri. Wazazi wetu walianza vivyo hivyo. Walimwona padri au katekista akipiga magoti, nao wakapiga magoti, mbele ya kuweza kusema kwa nini.

4. Mlangoni pa nyumba ya Wakatekumeni

Michieli alinunua otele huko Suakin, bandari ya Sudan, na mkewe alipaswa kwenda kumsaidia. Mwisho wa mwaka 1888, kwa shauri la Checchini, Bibi Turina alimwacha Mimmina na yaya wake mikononi mwa masista Wakanosia, katika Nyumba ya Wakatekumeni mjini Venezia. Masista walianza kumfundisha Bakhita. Taratibu alijua kwamba yule mwenyeji wa jua na nyota, aliyemtafuta tangu utoto, ndiye Mungu aliyesemwa na msalaba wake mdogo.

Kisha miezi karibu kumi bibi akarudi kuwachukua wote wawili waende Suakin. Bakhita akakataa.

Tupime vizuri alichokikataa. Alikataa kurudi katika inchi ya kuzaliwa kwake, ambako labda angesikia habari za mama yake. Alikataa kubaki na Mimmina, na mwenyewe alisema baadaye kwamba kuachana naye kulimchoma moyo. Alikataa nyumba iliyomlisha. Alikataa pia neno la bibi yake, jambo ambalo mtumwa hakulifanya isipokuwa kwa hatari ya mwili wake. Na mwili wake ulikuwa na kumbukumbu nyingi. Tena alikuwa hajabatizwa. Alikuwa hajamaliza mafundisho. Ulaya hakuwa na jamaa, wala mali, wala kazi.

Aliposhurutishwa atoe sababu, hakutoa hoja za dini. Alieleza tu kwamba anampenda bibi, anampenda mtoto, lakini akitoka katika nyumba hiyo atampoteza Mungu, na jambo hilo hawezi kulikubali. Kwa siku kadhaa bibi alimsihi, akamkasirikia, akamhesabia wema wote aliomtendea. Bakhita alibaki palepale.

Shauri lilipelekwa mbele ya wakubwa. Patriarka wa Venezia, Kardinali Domenico Agostini, aliingia katika jambo hilo, na mwendesha mashitaka wa mfalme vilevile. Tarehe 29 Novemba 1889 tribinali ilitamka kwamba sheria ya Italia haitambui utumwa, na kwamba Bakhita ni mtu huru wa kuchagua mahali pa kukaa. Bibi Turina aliondoka analia kwa hasira, akimvuta mtoto aliyemshika yaya wake kwa nguvu asitake kumwacha. Bakhita alikuwa na miaka ishirini hivi. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mashambani, hakuna mtu aliyemmiliki.

Vijana wapendwa, mnaotaka kufahamu yote kwanza, angalieni jambo hili. Kama Bakhita angengoja kufahamu yote, angengoja Suakin, jikoni mwa otele, na pengine angengoja mpaka kufa. Saa ya kuchagua haikumngoja amalize katekisimu. Alikuwa na neno moja tu la hakika, kwamba Mungu yumo humu na hataki kumpoteza. Neno hilo alilitumia lote. Hata Abrahamu, baba yetu katika imani, alitoka kwao bila kujua anakokwenda.

5. Kufahamu polepole

Wala tusidhani kwamba kisha kuitika hakuhitaji kujifunza. Eklezya haikumbatiza siku ileile. Aliendelea na mafundisho, akabatizwa tarehe 9 Januari 1890 kwa majina ya Giuseppina Margherita Fortunata. Jina la mwisho ni lile la Bakhita kwa Kilatini: mwenye bahati. Wakamata-watumwa walilitoa jina hilo, na Eklezya ililichukua, ikalibariki. Siku hiyohiyo alipata Kipaimara na Komunyo ya kwanza mikononi mwa Kardinali Agostini. Katika miaka iliyofuata alionekana mara nyingi akibusu kisima cha ubatizo, kwa kuwa hapo ndipo alipofanywa mtoto wa Mungu.

Nasi tunajua kwamba Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa Mapadri Weupe, aliamuru miaka minne ya majaribio na mafundisho mbele ya ubatizo. Sheria hiyo ilikuwa nzito kwa wazee wetu, lakini ilikuwa ya busara. Wa kwanza kuitika alikuwa moyo. Miaka minne ilipewa akili na mwenendo ili vifike pale moyo ulipotangulia.

Bakhita aliingia novisia tarehe 7 Desemba 1893. Mbele ya nadhiri zake aliulizwa juu ya imani na Kardinali Giuseppe Sarto, Patriarka mpya wa Venezia, ambaye mwaka 1903 alichaguliwa kuwa Papa Pio wa 10. Aliweka nadhiri tarehe 8 Desemba 1896. Mwaka 1902 alitumwa Schio, mji mdogo wa kaskazini mwa Italia, na isipokuwa safari chache, alikaa huko maisha yake yote. Alikuwa mpishi, mtunza sakristia, mtarizi, kisha mngoja mlango. Watoto waliomwogopa kwanza kwa sababu ya rangi yake walizoea kumkimbilia ili awawekee mkono kichwani. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia sehemu ya nyumba ya masista iligeuzwa hospitali ya askari, naye aliwatumikia waliojeruhiwa.

Kwa lugha ya watu wa Venezia alimwita Mungu Paron, maana yake Bwana, mwenye nyumba na mwenye watu. Ni neno ambalo watumishi waliwaitia mabwana wao. Bakhita alikuwa amejua mabwana wengi, naye hakuogopa kumpa Mungu neno hilo, kwa kuwa alimwona Bwana wa namna nyingine, aliyepigwa mijeledi mwenyewe. Kwetu pia neno bwana lilitumika kwa mwenye watumwa mbele ya kutumika katika sala. Kila tunaposema Bwana wetu Yezu, tunatamka neno lililokombolewa.

Kwa amri ya wakubwa wake alisimulia maisha yake, na kitabu cha Ida Zanolini, kilichotoka mwaka 1931, kilimjulisha kwa Italia nzima. Inasimuliwa kwamba siku moja kijana alimuuliza angefanya nini kama angekutana na wale waliomnyakua. Alijibu kwamba angepiga magoti awabusu mikono, kwa kuwa bila mambo hayo hangekuwa Mkristu wala mtawa. Jibu hilo ni gumu, na tunawaomba wasomaji wasilitumie vibaya. Bakhita hakusema kwamba utumwa ni mwema. Makovu yake yalisema kinyume. Alisema kwamba Mungu alikuwa na nguvu kuliko utumwa. Tena hakuweza kusema hivyo alipokuwa msichana. Ni neno la mtu aliyetembea miaka mingi na Bwana wake, hata akaweza kutazama nyuma na kusoma njia yote.

Hata hivyo mwisho wake haukuwa mwepesi. Uzee ulimleta katika kiti cha magurudumu. Katika ugonjwa wa mwisho akili yake ilirudi wakati fulani kule jangwani, akamsihi aliyemuuguza amlegezee minyororo, kwa sababu ni mizito. Kisha akatulia, akamwita Bikira Maria, akafa mjini Schio tarehe 8 Februari 1947. Papa Yohane Paulo wa 2 alimtangaza Mwenyeheri tarehe 17 Mei 1992 na Mtakatifu tarehe 1 Oktoba 2000. Tangu mwaka 2015 sikukuu yake, tarehe 8 Februari, ni siku ya kuwaombea ulimwenguni pote watu wanaouzwa na kutumikishwa. Sisi wa mashariki ya Kongo, tulioona watoto wakinyakuliwa na vikundi vya silaha, tunajua kwamba sala hiyo si ya mambo ya kale.

6. Tumshukuru Mungu

Ndugu wapendwa, jubile ni siku ya kuhesabu. Tunahesabu ubatizo, ndoa, mapadri na watawa. Lakini mbele ya hesabu zote kulikuwa watu wachache waliokuja misioni wakijua sala mbili au tatu tu, wakakaa. Walichekwa na jamaa zao, wengine walifukuzwa, na walipoulizwa sababu hawakuwa na jibu la kuwatosha wenye kuuliza. Tusiwaonee haya. Mambo tunayoweza leo kueleza kwa urefu, wao waliyalipia mbele ya kuyaeleza.

Na wewe uliye bado mlangoni, unayechungua na kupima, tunakusihi usiache kuuliza. Mungu hachukii maswali, na Bakhita alianza kwa swali juu ya nyota. Ila ukiona kwamba umekwisha kupata neno moja la hakika, hata dogo kama msalaba wa kuficha mkononi, usingoje mengine yote ndipo uinuke. Ingia na hilo. Mengine utafundishwa ndani ya nyumba.

Mtakatifu Joséphine Bakhita, dada yetu wa Afrika, utuombee.